Chipukizi kwa Kilatini: neno lipi liandikwe kwenye vibao vya kitalu cha shule?

Mwalimu_Masasi ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Masasi. Shule yetu ina kitalu cha miche ya mikorosho, migomba kandokando ya mfereji, matuta machache ya muhogo na kipande cha mianzi nyuma ya bweni, nasi tumekubaliana na wanafunzi kwamba kila mmea uwekewe kibao chenye jina lake la Kiswahili na jina la kisayansi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka wanafunzi wa kidato cha tatu walipopendekeza kwamba vibao vioneshe pia sehemu changa za mmea, yaani zile zinazochomoza na kukua upya, kwa sababu wamegundua kwamba istilahi nyingi wanazokariri kitabuni zina asili ya Kilatini na wangependa kujua zilikuwa na maana gani kabla hazijaingia kitabuni.

Nilipotafuta Kilatini cha "chipukizi" nikakutana na maneno mengi kuliko nilivyotarajia: germen, gemma, surculus, stolo, turio, palmes, virga, soboles, planta. Kamusi niliyonayo huyafasiri karibu yote kwa namna moja, kwamba ni tawi changa au chipukizi, nami siamini kwamba watu wa lugha yoyote wangehifadhi maneno tisa kwa kitu kimoja. Naomba anayejua anieleze yanatofautianaje, na lipi lifae kwenye kibao cha mche wa mkorosho uliotoka kwenye mbegu, cha mtoto wa mgomba, cha pingili ya muhogo na cha kikonyo, yaani kitawi kinachobebeshwa (kuunganishwa) kwenye mkorosho. Nitafurahi pia kuambiwa ni maneno gani kati ya hayo yamo katika majina ya kisayansi, ili wanafunzi wayatambue wakiyaona.

Msomaji_Ndanda amejibu:

Mwalimu, pokea salamu kutoka Ndanda. Kilatini nilikisoma seminarini na baadaye nikakifundisha kwa miaka kadhaa, na swali lako ni katika yale niliyotamani wanafunzi wangu waniulize. Kamusi yako haikudanganyi, ila imekunyima jambo moja la msingi: Waroma walioyatumia maneno hayo walikuwa wakulima, na mkulima akiona kitu kichanga kimechomoza hutaka kujua kimetokea sehemu gani ya mmea na yeye atakifanyia nini. Ukiyapanga maneno yako kwa maswali hayo mawili, karibu yote yanaachana yenyewe.

Tuanze na kile ambacho hakijafunguka. Gemma ni jicho la mmea, ule uvimbe mdogo unaokaa kwenye kwapa la jani au kwenye ncha ya tawi ukisubiri majira yake. Neno hilohilo lina maana ya kito cha thamani. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, katika maandishi yake ya mwaka 55 K.K. kuhusu sanaa ya usemaji, aliona kwamba wakulima waliosema mzabibu "unatoa vito" walikuwa wakisema kwa sitiari, kana kwamba kito ndiyo maana ya asili. Wachunguzi wa asili za maneno wa siku hizi wanaona kinyume chake, kwamba jicho la mmea lilitangulia na kito kikapewa jina hilo kwa kufanana nalo. Nami nawaunga mkono hawa wa pili, kwa kuwa Waroma walikuwa watu wa shamba muda mrefu kabla ya kuwa watu wa pete na mikufu. Katika majina ya kisayansi utaliona neno hili kwenye Brassica oleracea var. gemmifera, ile kabichi inayozaa vichwa vidogo vidogo vingi kwenye shina lake; gemmifera ni "yenye kubeba macho", na kwa hakika kila kimoja cha vichwa vile ni jicho lililonenepa.

Waroma walisema pia oculus, yaani jicho lenyewe, kama sisi tunavyosema kwamba pingili ya muhogo ina macho manne au matano. Virgil, mshairi wa Kiroma, katika utenzi wake kuhusu kilimo, anataja njia mbili za kuunganisha miti, na mojawapo anaiita oculos imponere, kupachika macho. Kutokana na hapo likapatikana inoculare, kulitia jicho la mti mmoja ndani ya gome la mti mwingine, na karne nyingi baadaye matabibu wa Ulaya wakalichukua neno hilo kwa ajili ya kuwachanja watu dhidi ya ndui. Wanafunzi wako wanaosoma habari za kinga ya mwili watafaidika kulijua hilo.

Germen ni kile ambacho kimekwisha kuchomoza: mche unaotoka kwenye mbegu, au chipukizi laini linalofunguka kutoka kwenye jicho. Kitenzi chake, germinare, ni kuota na kuchipua kwa pamoja. Kwa mche wa mkorosho ambao ndiyo kwanza umepasua udongo, andika germen bila wasiwasi. Ukitaka kuingia ndani ya mbegu yenyewe, sehemu itakayokuwa mzizi ni radicula, "kizizi", na ile itakayokuwa shina ni plumula, "kinyoya", kwa sababu majani machanga yaliyokunjamana humo yanafanana na unyoya mdogo. Jambo la kuangalia ni kwamba Linnaeus, aliyeweka misingi ya majina tunayotumia leo, alilitumia germen kwa ovari ya ua. Mwanafunzi akikutana na neno hilo katika maelezo ya maua ya karne ya 18, asidhani kwamba anasoma habari za kuota.

Sasa tufike kwenye machipukizi yanayotoka chini ya mmea mkubwa, ambako ndiko utajiri wa lugha hii ulipo. Neno planta, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelifanya kuwa jina la kila mmea, kwa Waroma wa kale halikuwa na upana huo. Lilikuwa jina la chipukizi linalong'olewa au kukatwa kutoka kwa mti mkubwa ili lipandwe penginepo. Virgil anasema juu ya mkulima mmoja kwamba alizipasua plantae kutoka kwenye mwili laini wa mama zao, akaziweka kwenye mitaro ya shamba. Mistari michache kabla ya hapo anaeleza jinsi mti mdogo wa laurusi unavyoinuka chini ya kivuli kikubwa cha mama yake. Cato naye, aliyeandika mapema zaidi, katika karne ya 2 K.K., anayaita machipukizi yanayotoka ardhini karibu na mti pulli, yaani makinda, kwa neno lilelile linalotumika kwa vifaranga. Kitenzi pullulare, kuchipua kwa wingi, kimetokana na ukoo huo. Kwa hiyo, Mwalimu, unaposema "mtoto wa mgomba" unasema walichosema Waroma bila kuazimana nao. Andika pullus kwenye mgomba wako, na ikiwa kipo kile ambacho umekwisha kukitenganisha na mama yake ili ukihamishe, hicho kiite planta.

Stolo pia ni chipukizi la chini, lakini lenye sifa mbaya: lile linalotoka mizizini au kwenye kitako cha mti likanyonya nguvu bila faida. Varro, aliyeandika juu ya kilimo mwaka 37 K.K., anaeleza kwamba Gaius Licinius alipata jina la ziada la Stolo kwa sababu katika shamba lake halikuonekana hata chipukizi moja la namna hiyo, maana alikuwa akichimba kuzunguka miti yake na kuyaondoa yote. Ni Licinius huyohuyo ambaye, kwa mapokeo ya Waroma, alipitisha sheria mwaka 367 K.K. ya kumzuia mtu mmoja kumiliki zaidi ya iugera 500 za ardhi, ambazo ni kama hekta 125. Wanaopogoa mikorosho huko Masasi wangeelewana naye mara moja.

Soboles, au suboles, ni "kinachokua kutoka chini", na mapema sana likahamia kwa wanadamu likawa na maana ya uzao. Washairi walilipenda zaidi kuliko wakulima. Kwenye kibao unaweza kuliacha. Surculus ni kitawi kidogo kilichokatwa kwa ajili ya kuunganishwa kwenye mti mwingine, nami hapo ninamwachia nafasi mwenye kitalu, kwa kuwa naona wapo humu.

Kitalu_Newala amejibu:

Shikamoo mzee wetu wa Ndanda, na habari za kazi, Mwalimu. Mimi ninazalisha miche ya mikorosho ya kubebesha, na zamani niliwahi kuwasindikiza wakusanyaji wa mimea katika msitu wa Rondo kule Lindi, ndiko nilikojifunza Kilatini kidogo cha kwenye karatasi za mimea iliyokaushwa. Nina la kuongeza juu ya surculus na talea, na nina hoja moja ya kupinga kuhusu stolo.

Surculus ndicho kikonyo chetu. Cato anaeleza kazi hiyo kwa undani: mti unakatwa, unapasuliwa, kikonyo kilichochongwa ncha kinaingizwa ndani ya ufa, kisha jeraha linafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi au chokaa uliochanganywa na mchanga kidogo na samadi ya ng'ombe, ukakandwa mpaka ushike. Sisi leo tunatumia utepe wa nailoni, lakini kinachotafutwa ni kilekile: ganda la ndani la kikonyo ligusane na ganda la ndani la mche, na unyevu usitoke kabla hayajashikana. Ningependa kibao cha wanafunzi kioneshe pia hali ya kikonyo chenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Kikonyo kizuri cha mkorosho ni kitawi cha msimu huu, kilichokomaa, chenye jicho la nchani lililovimba lakini halijafunguka. Majani yake huondolewa siku kadhaa kabla ya kukikata, ili jicho lipate kuvimba. Jicho likikwisha kufunguka na kutoa majani mekundu laini, kikonyo hicho kimepitwa na wakati wake. Kwa lugha ya mzee wa Ndanda, tunahitaji surculus ambacho gemma yake iko tayari, na ambacho bado hakijawa germen.

Kwa umri wa kitawi kuna neno ambalo mimi naliona kuwa zuri kuliko yote, nalo ni hornotinus, "cha mwaka huu". Mwenzake ni annotinus, "cha mwaka jana". Kwenye maelezo ya Kilatini ya mimea utasoma kwamba ramuli hornotini, vitawi vya mwaka huu, vina vinyweleo, na kwamba vile vya mwaka jana vimekwisha kuwa laini. Kwa mtu asiyeujua mmea huo, tofauti hiyo ndiyo humwokoa asidhani kwamba ameona mimea miwili. Na maelezo hayo ni mengi, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Januari 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011 jina jipya la mmea wa maua halikukubalika bila maelezo ya Kilatini. Kuanzia mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubalika, ingawa jina lenyewe linabaki la Kilatini. Mkorosho unaonesha waziwazi mpaka kati ya sehemu ya mwaka huu na ya mwaka jana, hasa mwezi Mei na Juni unapotoa majani mapya: sehemu ya mwaka huu ni ya kijani au ya rangi ya kahawia nyekundu, na nyuma yake gome limekwisha kuwa la kijivu. Ni katika sehemu hiyo mpya tu ambamo ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hupenda kushika, na ni hiyohiyo ambayo mbu wa mikorosho huifyonza mpaka ikakauka kuanzia nchani. Mwanafunzi anayeweza kuitambua sehemu hiyo ya mwaka huu kwa macho ameelewa kwa nini tunapuliza salfa wakati ule na si wakati mwingine.

Pingili ya muhogo iite talea. Talea ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye shina au tawi, hakina mzizi, na kitapandwa ili macho yake yachipue na upande wa chini utoe mizizi. Kikishatoa mizizi kinakuwa viviradix, "mzizi hai", neno walilotumia kwa miche ya mizabibu iliyokwisha kushika. Walikuwa pia na malleolus, "kinyundo", yaani chipukizi jipya la mzabibu lililokatwa pamoja na kipande cha mti mkongwe kilichotokeza pande zote mbili, likawa na umbo la nyundo. Muhogo hauhitaji kinyundo, kwa hiyo talea inatosha.

Sasa hoja yangu. Ninakubali kwamba Varro aliita stolo kile ambacho sisi tunakiita maotea, yale yanayotoka kwenye kitako cha mkorosho na tunayoyaondoa kila msimu. Hata hivyo, wanafunzi wa Mwalimu watafanya mtihani, na katika botania ya leo stolo ni shina linalotambaa juu ya udongo, likatoa mizizi na mche mpya kwenye kila fundo, kama lifanyavyo ukoka. Jina la nyasi iitwayo Agrostis stolonifera lina maana hiyo, "yenye kubeba mashina yatambaayo". Wakisoma kwenye kibao cha shule kwamba stolo ni maotea ya mkorosho, kisha kwenye mtihani waulizwe juu ya stolo, watapoteza alama kwa sababu yetu. Ningeshauri stolo iwekwe kwenye ukoka, na habari ya Licinius isimuliwe darasani.

Na kwa mkorosho mkongwe unaokatwa ili ubadilishwe, kisiki kinapochipua, machipukizi yale si adui. Tunachagua machache yenye afya, yaliyokaa pande tofauti za kisiki, tukayabebesha vikonyo vya aina bora, mengine yote tukayaondoa. Chipukizi lilelile linaweza kuwa la kutupwa au la kutunzwa kwa kutegemea mwenye shamba anakusudia nini, na hapo naungana na mzee kwamba Waroma waliyaita mambo kwa kazi yake.

Katekista_Lindi amejibu:

Amani iwe nanyi. Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha kubwa, kwa sababu maneno yote haya tunayo kanisani, na wanafunzi wengi wa Mwalimu wameyasikia kwa Kiswahili bila kujua yalivyo katika Biblia ya Kilatini.

Virga, ambalo Mwalimu alilitaja na bado halijajibiwa, ni fimbo au kitawi kirefu, chembamba na kilichonyooka. Isaya 11:1 kwa Kilatini inasema egredietur virga de radice Jesse, nasi tunasoma "litatoka chipukizi katika shina la Yese". Yeremia 23:5 tunasoma "Chipukizi la haki", na huko Kilatini kina germen justum. Kwa hiyo Kiswahili kimeweka "chipukizi" mahali pawili ambapo Kilatini kina maneno mawili, la kwanza likionesha umbo la kinachoinuka kutoka kwenye kisiki, la pili likionesha uhai unaochomoza. Siyo kasoro, chipukizi letu ni pana na linabeba yote mawili. Nataja tu ili mtu anayelinganisha asishangae.

Zaburi ya 128, ambayo katika hesabu ya Kilatini ni ya 127, inawafananisha watoto walioizunguka meza na miche ya mizeituni, nako Kilatini kinasema novellae olivarum. Novella ni kitu kichanga kilichopandwa karibuni, na nadhani ndilo neno linalomfaa Mwalimu kwa mche uliokwisha kuhamishiwa kwenye kiriba au shambani. Mzee alipendekeza germen kwa ule unaopasua udongo. Baada ya wiki kadhaa, ukishakuwa na majani yake, hauwezi kuendelea kuitwa hivyo.

Palmes ni la mzabibu tu, au karibu hivyo. Yesu anaposema "Mimi ni mzabibu, ninyi ni matawi", Kilatini hakisemi rami, ambalo ndilo neno la matawi ya mti wowote, bali palmites, yaani machipukizi ya mzabibu yanayozaa matunda na yanayopogolewa kila mwaka. Huku kwetu mizabibu hatuna, iko Dodoma, ndiyo maana nimekuwa nikilieleza neno hili kwa waumini kwa kuwakumbusha kwamba mkorosho pia huzaa kwenye ncha za vitawi vipya, wala si kwenye matawi ya zamani. Vitawi vya mzabibu vikishakatwa na kuanguka chini huitwa sarmenta. Katika Matendo ya Mitume 28:3, Paulo akiwa kisiwani Malta alikusanya sarmenta akazitia motoni, nasi tunasoma kwamba ni kuni.

Niongeze Ayubu 14:7 kwa ajili ya ndugu wa Newala, kwa kuwa amezungumzia visiki: "yako matumaini ya mti, ya kuwa ukikatwa utachipuka tena". Kilatini kinasema rursum virescit, et rami ejus pullulant, na hiyo pullulant ndiyo ile ya makinda aliyoitaja mzee wa Ndanda.

Mwalimu_Masasi ameandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Jana jioni niliwasomea wanafunzi majibu haya, na mjadala juu ya stolo uliwagawa kwa muda mrefu. Mwishowe wameafiki ushauri wa ndugu wa Newala, kwa hiyo stolo itakwenda kwenye ukoka unaotambaa karibu na bomba la maji. Orodha yetu sasa ni hii: germen kwa mche unaopasua udongo, novella kwa mche ulio kwenye kiriba, gemma kwa jicho la nchani, surculus kwa kikonyo, talea kwa pingili ya muhogo, pullus kwa mtoto wa mgomba.

Yamebaki mambo matatu. La kwanza ni mianzi, ambayo machipukizi yake hutoka ardhini yakiwa manene, yamechongoka na kufunikwa kwa magamba, na hayafanani na lolote mlilolieleza. La pili ni wingi wa maneno haya, maana tutaandika vibao vingine kwa wingi. La tatu ni matamshi: mwanafunzi mmoja anayesali Misa ya Kilatini anasema "jemma" na "jermen", wengine wanasema kwa g ya "gari".

Msomaji_Ndanda amejibu:

Mwalimu, mianzi yako ndiyo iliyosubiri neno turio. Ni chipukizi nene linalotoka kwenye jicho la chini ya ardhi, likiwa limefungwa kwa magamba, kabla halijanyooka na kutoa majani. Mfano unaotajwa mara nyingi na wanabotania ni asparagasi, na inafaa wanafunzi wajue kwamba neno asparagus lenyewe, kwa Wagiriki na baadaye kwa baadhi ya waandishi wa Kiroma, lilikuwa pia jina la chipukizi laini la mmea wowote linaloweza kuliwa, kabla halijafungwa kwenye mmea mmoja. Kwenye mianzi andika turio, na kibao hicho kiwekwe wakati wa mvua, kwa kuwa baada ya miezi michache chipukizi lile litakuwa limekwisha kuwa mwanzi mrefu na neno halitalifaa tena.

Kuhusu surculus, nimeona ndugu wa Newala ameliweka kwenye kikonyo, nami nakubali kwa sababu hiyo ndiyo matumizi ya Cato. Wanafunzi wajue tu kwamba wanabotania hulitumia pia kwa chipukizi linalotoka kwenye kitako cha mmea. Dracaena surculosa ya Afrika Magharibi ina jina lenye maana ya "yenye machipukizi mengi", wala haihusiani na kubebesha. Wakiwa bado na ari, waonesheni na mwisho wa -escens, ambao ni wa vitenzi vya kuanza kuwa: virescere ni kuanza kuwa kijani, frondescere ni kuanza kuvaa majani. Pilipili kichaa iliyo karibu na jiko la shule ni Capsicum frutescens, "inayoelekea kuwa kichaka", na wataona wenyewe kwamba ikiachwa miaka miwili shina lake huanza kuwa gumu kama mti.

Wingi hautabiriki kwa kutazama neno moja, kwa sababu maneno haya yako katika makundi tofauti, nasi tuliozoea ngeli hatuna sababu ya kulalamika. Gemma inakuwa gemmae, na vivyo hivyo taleae, plantae, novellae. Surculus inakuwa surculi, pullus inakuwa pulli. Stolo inakuwa stolones na turio inakuwa turiones. Palmes, kama alivyoonesha katekista wetu, inakuwa palmites. Germen ni la kundi lisilo la kiume wala la kike, na wingi wake ni germina.

Matamshi yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake. Waroma wa wakati wa Cicero walitamka g ya "gari" popote, hivyo gemma na germen kwao zilianza kwa sauti hiyo. Kanisa limepokea matamshi ya Kiitalia, ambamo g ikifuatwa na e au i husikika karibu na j yetu. Mwanafunzi wako asikatazwe kusema alivyozoea kusali. Darasani mkichagua g ya "gari", mtakuwa mmekwenda sambamba na herufi zilizo kwenye kibao, na mtoto wa kidato cha kwanza ataweza kulisoma neno bila kuelekezwa na mtu.